Si kila mwanasheria ni wakili: Nani ana idhini ya kukusemea kortini?

JUMAMOSI moja asubuhi nilikuwa nimeketi barazani nikisahihisha tasnifu ya mwanafunzi wangu, mara jirani yangu akabisha langoni. Ni mama aliyekula chumvi kunishinda, na watoto wote wa mtaa humwita Shosho. Mtaa wenyewe ni Kiganjo, hapa Thika. Si Kiganjo kile cha Nyeri chenye chuo cha polisi, ingawa nacho nitakifikia baadaye. Mkononi mama huyo alishika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe.

"Mwalimu," aliniambia kabla hata hajaketi, "wewe umesoma ukamaliza vitabu. Wiki ijayo niko kortini. Twende ukanisemee."

"Mama, mimi si wakili," nilimjibu.

"Si wewe ni daktari?"

"Ni daktari wa lugha."

"Na kortini watu hufanya nini? Si kuongea?"

Nilikosa jibu la haraka. Nimefundisha chuo kikuu zaidi ya miaka thelathini, nimetunga vitabu na kusimamia shahada za uzamifu, lakini nikisimama mbele ya hakimu wa Thika kumsemea mama huyu, nitakuwa nimevunja sheria. Kwani sheria ilimtaka mtu awe na nini ndipo aruhusiwe kumsemea mwenzake? Na masharti hayo yalitoka wapi? Swali la mama lilinisumbua wiki nzima, nikaona heri tulijadili katika safu hii. Msomaji ataona kwamba kitovu chake ni lugha, tena lugha iliyowagharimu watu mali.

Tuanze na neno lenyewe. *Wakili* limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukabidhi jambo na kutegemea. Ndugu zake tunao katika Kiswahili: *wakala*, *tawakali*, na kitenzi *wakilisha* ambacho kimezaa *mwakilishi* na *uwakilishi*. Katika pwani yetu wakili alikuwa mtu yeyote aliyeaminiwa kutenda kwa niaba ya mwingine: kumwuzia bidhaa, kumsimamia katika ndoa, kumkusanyia kodi. Wafasiri wa Biblia ya Union Version walilitumia neno hilohilo kumtaja msimamizi wa mali ya tajiri katika Injili ya Luka. Kwa hiyo maana ya asili ya wakili haikudai cheti wala shule. Ilidai uaminifu.

*Mwanasheria* ni neno changa zaidi, lililoundwa kwa kielelezo kile kile cha *mwanamaji* na *mwanahistoria*. Huyu ni mtu aliyesomea sheria. Katika mazungumzo yetu ya kila siku maneno haya mawili tunayachanganya kama githeri. Hapa mtaani tuna kijana mpole aliyehitimu shahada ya sheria juzi, na tangu siku ya mahafali makanga wote wa stejini humwita "Wakili". Yeye mwenyewe huwasahihisha, nao humcheka. Lakini mbele ya sheria ya Kenya kijana huyo ni mwanasheria tu. Uwakili bado uko mbali naye, na yeye analijua hilo kuliko wote wanaomwamkua kwa cheo hicho.

Tusidhani kwamba masharti ya kumsemea mtu yaliletwa na Mzungu. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, alieleza ngazi za baraza la wazee, yaani *kĩama*. Mwanamume aliyeingia ngazi ya mwanzo, *kamatimo*, hakuruhusiwa kukata kesi. Kazi yake ilikuwa kutumwa, kuwasha moto, kuchuna mbuzi, huku akisikiliza jinsi wazee wanavyouliza, wanavyopima ushahidi na wanavyotoa uamuzi. Alikuwa mwanagenzi. Alipanda ngazi kwa muda na kwa mbuzi. Ukilinganisha na kijana wa leo anayebeba faili za wakili mkubwa kwa miezi sita kabla ya kuapishwa, utaona kwamba wazo la kujifunza kwa kukaa miguuni pa aliyetangulia ni la kale mno hapa kwetu. Tofauti ni kwamba mbele ya kĩama mwenye kesi alisema mwenyewe, kwa lugha yake, na kila aliyekuwepo alimwelewa.

Ukoloni ulipoingia, ulileta pia sheria zilizosafiri kwa jahazi la mbali. Katika miaka ya mwanzo ya himaya ya Afrika Mashariki, Waingereza walitumia sheria walizokuwa wamezitunga kwa ajili ya India. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika hapa mpaka tulipopata yetu mwaka 1930, na sheria ya mikataba ya India iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo mwanzo rufaa za mahakama za Waingereza zilipelekwa Bombay. Pamoja na sheria hizo walikuja watu waliozijua, na huko India msemaji wa mahakamani aliitwa *vakil*. Neno ni lile lile la Kiarabu, ila lilizunguka kwanza kupitia Uajemi na India. Kwa hiyo wakili alitujia kwa njia mbili: mara ya kwanza kama mtu wa kuaminiwa, mara ya pili kama mtu wa leseni. Zanzibar walizihifadhi njia zote mbili. Huko sheria ilitambua ngazi mbili za wasemaji: wakili kamili, na vakili, ambaye aliruhusiwa kuwasemea watu katika mahakama za chini. Nadhani Zanzibar walitushinda kwa jambo moja: ngazi mbili walizipa majina mawili.

Kenya Bara hali ilikuwa nyingine. Serikali ya kikoloni iliunda mahakama za Waafrika kando na zile za Wazungu na Wahindi, na sheria iliyoziongoza, ikiwemo ile ya mwaka 1951, haikuwaruhusu mawakili kuingia humo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba kesi za Waafrika ni nyepesi, zinahusu mila, na wakili angezivuruga. Mfumo huo ulidumu hata baada ya uhuru, hadi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967 ilipoufuta.

Marehemu baba yangu aliionja hali hiyo. Nikiwa mtoto mdogo, miaka ya mwanzo ya uhuru, alikuwa na kesi ya ng'ombe wawili wa deni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mpinzani wake alisifika kwa ulimi. Baba alimwuliza karani iwapo angeweza kumleta mtu wa kumsemea. Karani alimcheka, akamwambia, "Hapa hakuna mawakili, mzee. Kila mtu na mdomo wake." Baba alishindwa. Mpaka anaaga dunia aliamini kwamba haki ilikuwa yake, ila mdomo wake ndio haukutosha. Hadithi hiyo alitusimulia kila tulipokataa kwenda shule. Mimi nikaenda nikasomea mdomo, yaani lugha, na bado, kama mama jirani alivyogundua, siwezi kumsemea mtu.

Katika mahakama za juu, kule mawakili waliporuhusiwa, lango lilikuwa jembamba kwa namna nyingine. Mtu alipaswa kuwa amehitimu Uingereza au kwingineko katika himaya. Aliyetaka kuwa wakili kwa njia ya Kiingereza alijiunga na mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili mjini London, akafanya mitihani, na sharti mojawapo lilikuwa kuhudhuria idadi maalumu ya karamu za jioni katika ukumbi wa chama hicho. Ndiyo, kula. Ulihesabiwa vyakula ulivyokula pamoja na mawakili, kwa imani kwamba ungefyonza adabu za kazi kutoka kwao. Kamatimo angeelewa mara moja.

Lakini nauli ya kwenda kula karamu hizo ingetoka wapi? Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kuwafadhili Waafrika wa Kenya wasomee sheria. Iliwataka wawe walimu, makarani na wasaidizi wa matabibu. Mwafrika wa kwanza wa Kenya kulivunja lango hilo alikuwa Chiedo Moa Gem Argwings-Kodhek, mzaliwa wa Gem, aliyepitia Makerere, akaenda Wales, na kuhitimu uwakili katika chama cha Lincoln's Inn. Alirejea nchini mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hali ya Hatari ikiwa mlangoni, akajitolea kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Baadaye akawa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta, na alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi Januari 1969. Barabara inayobeba jina lake Nairobi wengi huipita bila kujua kwamba huyo ndiye aliyewatangulia mawakili wetu wote.

Uchache huo ulijidhihirisha zaidi Kapenguria. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano ilipoanza mwishoni mwa mwaka 1952, tazama waliosimama kuwatetea: D.N. Pritt kutoka Uingereza, Dudley Thompson wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, H.O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India, pamoja na mawakili wa Nairobi wenye asili ya Kihindi na Kigoa: A.R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Ni watu wa kuheshimiwa, nao walihatarisha mengi. Lakini katika orodha hiyo hakuna Mwafrika wa Kenya hata mmoja. Kesi kubwa zaidi katika historia ya nchi yetu, na wenye nchi hawakuwa na msemaji aliyezaliwa katika lugha zao.

Mambo yalianza kubadilika uhuru ulipokaribia. Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ikiongozwa na jaji maarufu Lord Denning. Ripoti ilitoka mwaka 1961. Kamati hiyo ilisisitiza kwamba wakili wa Afrika afunzwe Afrika, ajue sheria za kwao, na afunzwe kazi kwa vitendo. Oktoba mwaka huo huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU, kikiwa na wanafunzi 14. Kitivo hicho kilihudumia Tanganyika, Kenya na Uganda. Wakenya wengi wa kizazi hicho walipitia huko, na miongoni mwa waliokuja baadaye ni Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu kuanzia mwaka 2011 hadi 2016. Hapa nyumbani Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kilianzishwa mwaka 1963, na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kikafunguliwa mwaka 1970. Lango likahama kutoka London likaja kwetu.

Leo njia yenyewe ni hii. Kwanza, shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne. Pili, mafunzo ya uwakili katika chuo kile cha Karen, yenye masomo tisa: mashauri ya madai, mashauri ya jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili ya kazi, usimamizi wa ofisi ya uwakili, uhamishaji wa mali na miamala ya kibiashara. Tatu, uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mzoefu. Nne, kula kiapo mbele ya Jaji Mkuu na kutia sahihi katika Orodha ya Mawakili. Tano, na hili ndilo watu wengi hawalijui, cheti cha kuhudumu, ambacho muda wake huisha tarehe 31 Disemba kila mwaka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inadai mambo matatu kwa pamoja: uwe umekubaliwa kuwa wakili, jina lako liwe katika Orodha, na cheti chako kiwe hai. Likikosekana moja, huna idhini. Kwa hiyo hata profesa wa sheria aliyewafundisha mawakili wote wa Thika, kama hajakamilisha hatua hizo, hawezi kumsemea mama yangu jirani. Sembuse profesa wa Kiswahili!

Kuna wanaosema kwamba masharti haya ni ubinafsi wa kikundi kinacholinda mkate wake. Sitawapinga kabisa. Lango lolote humnufaisha aliye ndani, na historia niliyoisimulia inaonyesha lango likitumiwa kuwafungia watu nje kwa sababu ya rangi na mfuko. Mvutano kuhusu nani aingie Karen na nani abaki nje umefika mahakamani mara kadha wa kadha tangu sheria ya chuo hicho ya mwaka 2012, kwa sababu inaangalia mpaka alama za mtihani wa shule ya upili. Lakini hebu tuone kinachotokea pasipo na lango.

Hapa ndipo nakikumbuka Kiganjo kile kingine. Kwa miongo mingi waliowashtaki watu katika mahakama zetu za chini, yaani viongozi wa mashtaka, walikuwa maafisa wa polisi. Sheria iliweka kiwango: afisa huyo asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi. Mwaka 2003, katika kesi ya Elirema dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa iligundua kwamba mashtaka yaliongozwa na koplo. Mahakama ikaamua kwamba kesi nzima ilikuwa batili. Watu waliokuwa wamehukumiwa wakaachiliwa, na baada ya uamuzi huo wafungwa wengine wakakata rufaa kwa hoja iyo hiyo. Haikujalisha koplo alikuwa hodari kiasi gani. Aliyesimama kuisemea Jamhuri hakuwa na idhini ya kuisemea, basi. Mwathiriwa aliyengoja haki naye akabaki mikono mitupu.

Turudi kwa bahasha ya mama. Niliifungua. Ndani mlikuwa na mkataba wa ununuzi wa ploti, futi 50 kwa 100, aliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi ya kuuza mboga. Aliyemwuzia alikufa, na sasa wanawe wanasema hawautambui mkataba huo. Ulikuwa umechapwa vizuri, kwa Kiingereza kizito, na kugongwa muhuri mkubwa wa duara. Aliyeuandika ni mtu aliyekuwa na ofisi ghorofani mjini, mwenye suti, meza pana na rafu ya vitabu vyekundu. Mama alimlipa wakati wa kununua, akamlipa tena kesi ilipoanza. Sasa simu yake haishikwi.

Nilimwita yule kijana wetu mwanasheria. Alikuja mbio, akaketi na mama, akausoma mkataba mara mbili. Kisha akatoa simu, akaingia katika tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, mahali pa kutafutia majina. Akaandika jina la mwenye muhuri. Halikuwepo. Akajaribu kuliandika kwa njia nyingine tatu. Halikuwepo.

"Huyu si wakili, Shosho," alisema kwa sauti ya chini.

"Lakini watu wote humwita Wakili," mama alijibu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kinga yote ambayo sheria ilimwekea mama huyu, miaka ya masomo, mitihani tisa, kiapo na cheti, ilipitwa na neno moja lililotumiwa ovyo. Yeye hakuwa mjinga. Aliuliza, akaambiwa "huyo ni wakili", na katika Kiswahili chetu cha mtaani jibu hilo linamtosha karani wa zamani, mwanafunzi aliyeacha masomo, mpiga chapa aliyeketi karibu na korti, na wakili mwenyewe. Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia habari za kijana aliyedaiwa kuhudumu kama wakili bila idhini, na mitandaoni wengi walimshangilia. Nilisoma vichekesho vile kwa wasiwasi. Aliyeshangilia hajawahi kushika bahasha kama ya mama huyu.

Maana tofauti ni kubwa. Mwaka 2015, katika kesi ya Benki ya Taifa ya Kenya na kampuni ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Upeo iliamua kwamba hati ya kuhamisha mali haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandika hakuwa na cheti cha mwaka huo. Kosa ni la wakili, asiadhibiwe mteja. Lakini mahakama ikaongeza kwamba hati iliyoandikwa na mtu ambaye si wakili kabisa, au aliyefutwa katika Orodha, ni batili. Wakili aliyechelewesha cheti anaweza kukuacha salama. Asiye wakili anaweza kukupokonya ploti kwa kalamu ile ile.

Sasa nije kwenye lawama yangu kwa upande wa pili, upande wa wenye vyeti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria zetu za mwenendo wa kesi zinasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, ingawa Mahakama Kuu zimeiachia Kiingereza. Sheria ya chuo cha Karen nayo, inapotaja alama ya B katika lugha kwa wanaopimwa kwa matokeo ya shule, inasema Kiingereza au Kiswahili. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikauliza: baada ya hapo? Hesabu tena yale masomo tisa. Hakuna hata moja linalomfunza wakili mtarajiwa kumweleza mteja kesi yake kwa Kiswahili. Kiswahili kinatumika kama tikiti ya kuingilia, kisha kinaachwa mlangoni kama mwavuli.

Matokeo yake tunayaona kila siku. Wakili anamaliza kuzungumza na hakimu, anamgeukia mteja na kumwambia, "Tumepewa mention ya tarehe kumi na nne." Mteja anaitikia kwa kichwa. Akifika nje anamwuliza askari, "Mention ni nini? Nimefungwa au nimeachiliwa?" Nimelishuhudia hili katika viambaza vya korti zaidi ya mara moja. Katiba, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi. Lakini mkalimani humfasiria yanayosemwa na hakimu na mashahidi. Nani atamfasiria yanayosemwa na wakili wake mwenyewe?

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi haijawa rahisi kwao: istilahi lazima zitafutwe, na mawakili na majaji waliosomea kwa Kiingereza lazima wajinoe upya. Sisemi Kenya iige kila kitu. Nasema jambo dogo linalowezekana. Katika miezi ya mafunzo pale Karen liongezwe somo la kumi, la Kiswahili cha sheria, na mtihani wake uwe wa mdomo: mtahiniwa aketi na mtu asiyejua Kiingereza, amweleze dhamana ni nini, rufaa ni nini, kesi kutajwa na kesi kusikilizwa zinatofautianaje, kisha mtu huyo aulizwe alichoelewa. Asiyeweza kueleweka na anayemsemea hajakamilika, hata akiwa na shahada tatu.

Na sisi wenye lugha tuna wajibu wetu. Waandishi wa habari, walimu, wahubiri na makanga, tumwite kila mtu kwa jina la kazi yake. Aliyesomea sheria ni mwanasheria. Aliyeapishwa na mwenye cheti hai ni wakili. Anayewaelekeza watu katika jamii, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inamtambua, ni msaidizi wa kisheria, na kazi yake ni ya heshima. Anayejitwalia jina lisilo lake ni tapeli. Maneno manne, watu wanne. Kabla hujamlipa mtu, mwulize jina lake kamili na ulitafute katika orodha ya LSK. Wakili wa kweli hatakasirika.

Yule kijana alimpeleka mama kwa wakili mmoja hapa Thika, mwanamke ambaye yeye anatarajia kufanyia uanagenzi kwake akimaliza masomo ya Karen. Nilifuatana nao. Wakili aliusoma mkataba, akanyamaza, kisha akamweleza mama kwa Kiswahili na Kikuyu kwamba karatasi ile haina nguvu aliyodhani inayo, lakini kuna risiti za benki na mashahidi wawili waliokuwepo, na wataanzia hapo. Hakumwahidi ushindi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali matatu, yote ya maana.

Siku ya kesi nilikwenda, nikaketi kwenye viti vya nyuma pamoja na umma. Kesi yenyewe bado inaendelea, kwa hiyo sitasema zaidi. Ilipotajwa na tarehe nyingine kutolewa, wakili alimwinamia mama akamnong'oneza. Tulipotoka nje nilimwuliza mama kama ameelewa yaliyotokea mle ndani.

"Nimeelewa," alisema. "Leo ilikuwa kutajwa tu. Kusikilizwa ni tarehe ile nyingine, na nije na risiti." Akanitazama kidogo. "Huyu amenisemea, tena ameniambia alichosema."